Filamu za makala kuhusu anga za juu: picha ipi imepigwa, ipi imekokotolewa, na ipi imechorwa?

Mleta mada:

Nina zoea ambalo wenzangu nyumbani wamekwisha kulichoka. Nikitazama filamu ya makala kuhusu anga za juu, rimoti hukaa mkononi na daftari hukaa gotini. Daftari lina safu tatu. Ya kwanza ni ya picha zilizopigwa na kamera halisi, iwe imeshikwa na mtu au imefungwa kwenye chombo kilichotumwa huko. Ya pili ni ya picha zilizokokotolewa, yaani vipimo ambavyo kompyuta imevigeuza kuwa kitu cha kutazamika. Ya tatu ni ya picha zilizochorwa. Dakika kumi za mwanzo kwa kawaida hazinisumbui, lakini baada ya hapo mpaka kati ya safu ya pili na ya tatu huanza kufifia, na mara nyingi msimulizi huuvuka bila hata kubadilisha sauti.

Naileta mada hii kwa sababu naamini thamani ya filamu hizi kwa mtazamaji asiye mwanasayansi iko katika swali moja dogo: tumejuaje? Kumwambia mtu kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 ni kumpa namba ya kuisahau kesho. Akionyeshwa njia iliyotufikisha kwenye namba hiyo, atabaki na kitu anachoweza kukieleza kwa mwenzake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna kompyuta ndani yake. Katika sehemu ya kwanza ya mfululizo wa Cosmos, uliorushwa na PBS ya Marekani mwaka 1980 katika sehemu 13, mwanaastronomia Carl Sagan anashika kadi yenye ramani ya Misri ya kale. Juu ya kadi vimesimamishwa vijiti viwili, kimoja mahali pa Syene na kingine mahali pa Alexandria. Kadi ikiwa imenyooka, vijiti vyote hupata vivuli sawa, au vyote hukosa kivuli. Anapoikunja kadi kidogo, kimoja kinabaki bila kivuli huku cha pili kikiwa nacho. Hapo mtazamaji amekwisha kuona kwa macho yake kwa nini Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alikataa kuamini kwamba Dunia ni bapa. Hesabu inayofuata ni ya mtoto wa shule ya msingi: tofauti ya pembe ni takriban digrii 7, ambayo ni kama sehemu moja ya 50 ya duara, na umbali kati ya miji hiyo ni takriban kilomita 800, kwa hiyo mzingo wa Dunia ni kama kilomita 40,000. Watu wengi wanapoukumbuka mfululizo ule hutaja chombo cha kufikirika alichosafiria Sagan, au muziki wa Vangelis. Mimi naikumbuka kadi.

Kabla ya hapo televisheni ya Uingereza ilikuwa imechukua njia nyingine, ya unyenyekevu zaidi. Kipindi cha The Sky at Night kilianza BBC tarehe 24 Aprili 1957, karibu nusu mwaka kabla ya Sputnik, setilaiti ya kwanza, kurushwa, na Patrick Moore alikiongoza hadi alipofariki Desemba 2012. Kwa sehemu kubwa alikuwa mtu mmoja anayezungumza na mtazamaji kwa kasi, akimweleza ni kitu gani atakiona angani mwezi huo na akitazame upande gani. Hakikuwa na picha za kustaajabisha, lakini kilikuwa na sifa ambayo filamu za leo zimeipoteza: mtazamaji aliweza kuzima televisheni, akatoka nje, akahakikisha mwenyewe alichoambiwa.

Sasa niingie kwenye rangi, maana hapa ndipo malalamiko mengi huanzia. Picha ya Nguzo za Uumbaji, yaani minara mikubwa ya gesi na vumbi, iliyopigwa na Darubini ya Hubble mwaka 1995, huonekana karibu katika kila filamu ya aina hii. Kamera ya Hubble haipigi picha ya rangi kama simu yako. Hupiga picha za rangi moja, kila moja kupitia kichujio kinachoruhusu mwanga wa aina fulani tu. Katika picha ile, mwanga wa salfa ulipewa rangi nyekundu, wa haidrojeni ulipewa kijani, na wa oksijeni ulipewa bluu. Kwa jicho la binadamu, mwanga huo wa haidrojeni na ule wa salfa yote ni mwekundu, kwa hiyo kama zingeachwa rangi za asili, tusingeweza kutofautisha gesi moja na nyingine. Wanaastronomia hawakupaka rangi ili kupendezesha. Walipanga rangi ili habari iliyomo isomeke, kama mchora ramani anavyopaka nchi jirani rangi tofauti. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, inategemea tafsiri hiyo zaidi, kwa kuwa hufanya kazi hasa katika mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni kabisa. Mawimbi mafupi hupewa rangi ya bluu na yale marefu hupewa nyekundu. Sentensi mbili za msimulizi zingetosha kulieleza hili, nazo zingemwongezea mtazamaji mshangao. Badala yake tunapewa kwaya na mawingu yanayong'aa, na baadaye mtu anaposikia kwamba rangi zile "si za kweli", anahisi ametapeliwa.

Uhariri nao una ujanja wake. Kigari cha Perseverance kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 18 Februari 2021, na siku hiyo ishara za redio zilichukua zaidi ya dakika 11 kufika duniani. Kuingia katika anga ya Mirihi hadi kugusa ardhi kulichukua takriban dakika 7. Maana yake ni kwamba wahandisi waliposikia chombo kimeanza kuingia katika anga, chombo kilikuwa tayari kimekwisha kutua, kizima au vipande vipande. Filamu nyingi hukata kutoka kwenye parachuti hadi kwenye uso wa mhandisi aliyeshika kichwa, kisha kurudi kwenye parachuti, kana kwamba mambo hayo yanatokea kwa wakati mmoja. Nakiri kwamba mkato huo unasisimua. Lakini kisa cha kweli, cha watu wazima wanaosubiri habari za jambo lililokwisha kuamuliwa, kinasisimua zaidi, na kinafundisha mwendo wa mwanga bila kuhitaji mlinganyo wowote. Jambo jingine: kamera za chombo hicho zilirekodi kutua kwenyewe, parachuti likifunguka na vumbi likitimka, na video ikatolewa siku chache baadaye. Picha za parachuti juu ya Mirihi, ambazo kwa miaka mingi nilikuwa naziandika katika safu ya tatu, zikahamia ya kwanza.

Upo uongo mmoja ambao hauepukiki, nao ni wa vipimo. Chukua kioo cha televisheni chenye nukta 1,920 kwa upana, weka Jua ukingo mmoja na Dunia ukingo wa pili. Kwa vipimo sahihi, Jua lingekuwa na upana wa takriban nukta 18, na Dunia ingekuwa kama sehemu moja ya sita ya nukta, yaani isingeonekana. Kwa hiyo kila mchoro wa mfumo wa Jua uliowahi kuuona kwenye televisheni umekuza sayari, umefupisha umbali, au umefanya yote mawili. Hilo halina lawama. Ninacholaumu ni ukanda wa asteroidi, yaani mawe yanayozunguka Jua, unaoonyeshwa kama msongamano wa mawe ambao chombo lazima kiupenye kwa kukwepa huku na huku. Uzito wa ukanda wote haufiki hata sehemu moja ya kumi ya uzito wa Mwezi wetu, nao umetawanyika katika eneo kubwa mno. Pioneer 10, iliyorushwa mwaka 1972, ilipita humo salama, na vyombo vilivyofuata havikuwa na haja ya kukwepa chochote.

Karibuni mnisahihishe.

Mchangiaji wa kwanza:

Mada ni nzuri, lakini naona umewabana watengenezaji kupita kiasi. Mtu ambaye hajawahi kujali anga hatavutwa na kadi na vijiti viwili. Atavutwa na pete za Zohali zikijaza kioo. Ajabu hutangulia, maswali hufuata. Zaidi ya hapo, yako mambo ambayo hayana kamera na hayatakuwa nayo kamwe. Nadharia inayokubalika zaidi kuhusu asili ya Mwezi inasema kwamba kitu chenye ukubwa unaokaribia wa Mirihi kiligongana na Dunia ilipokuwa changa, takriban miaka bilioni 4.5 iliyopita. Utalionyeshaje jambo hilo bila kulichora? Kwa masharti ya daftari lako tutarudi kwenye profesa aliyesimama mbele ya ubao.

Mleta mada:

Hoja ya ajabu kutangulia naikubali, na labda niliandika kama mtu aliyesahau jinsi alivyovutwa yeye mwenyewe. Mchoro nao siupingi. Ninachodai ni kwamba mchoro ufuatwe na ushahidi. Mfano wako wa Mwezi unanisaidia: safari 6 za Apollo, za Marekani, zilizotua mwezini zilileta duniani kilo 382 za mawe na udongo, na uwiano wa aina za oksijeni ndani ya mawe hayo unafanana sana na ule wa Dunia. Nionyeshe mgongano kwa moto na kishindo unavyotaka, kisha unionyeshe jiwe moja mkononi mwa mtu wa maabara, na uniambie jiwe hilo lilibadilisha vipi mawazo ya wataalamu. Kuhusu kishindo chenyewe, tukumbuke kwamba katika utupu kisingesikika, ingawa sitegemei mtu yeyote arushe dakika 5 za kimya kwenye televisheni.

Nitaje pia kazi ambayo iliunganisha safu zangu mbili kwa uaminifu. James Blinn, aliyekuwa katika JPL, maabara ya NASA, alitengeneza kwa kompyuta filamu fupi zilizoonyesha jinsi vyombo vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vingepita karibu na sayari. Njia za vyombo zilikuwa zimekokotolewa, na sayari zilikaa mahali pake sahihi. Mtazamaji aliiona safari kabla haijafika, kisha picha halisi zikaja, akalinganisha mwenyewe.

Mchangiaji wa pili:

Nimewahi kufanya kazi ya kutafsiri na kuingiza sauti ya Kiswahili katika filamu za aina hii, kwa hiyo nichangie kutoka chumba cha kurekodia. Tatizo letu la kwanza ni muda. Msimulizi wa asili ametumia sekunde 4, na picha inabadilika sekunde ya 5. Sentensi ya Kiswahili inayoeleza jambo lilelile kwa ufasaha inahitaji sekunde 6 au 7. Kinachokatwa huwa ni nini? Ni yale maneno ya tahadhari: "inakadiriwa", "huenda", "kwa mujibu wa vipimo vya sasa". Hivyo kauli iliyotoka kwa mwanasayansi ikiwa na shaka ya haki inamfikia mtazamaji wetu ikiwa amri.

La pili ni maneno yenyewe. "Mwaka wa nuru", yaani umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, ni istilahi sahihi, lakini msikilizaji akisikia "mwaka" anafikiria muda, na nimewasikia watu wakisema nyota fulani "ina miaka minne ya nuru" wakidhani ni umri wake. Nilizoea kusema "umbali wa miaka ya nuru minne" kila mara, hata pale neno "umbali" lilipokuwa halimo katika maandishi ya asili. Gumu kuliko yote ni "nadharia". Katika mazungumzo ya kawaida nadharia ni kinyume cha vitendo, ni maneno matupu ambayo hayajafanyiwa kazi. Unaposema "nadharia ya Mlipuko Mkuu", nusu ya wasikilizaji wanaelewa kwamba ni dhana ya mtu aliyekaa akawaza. Sikuwahi kupata suluhisho lililoniridhisha. Wakati mwingine niliandika "maelezo ya kisayansi yaliyothibitishwa kwa vipimo", nikaambiwa ni marefu mno.

Mleta mada:

Hilo la maneno ya tahadhari kukatwa sikuwa nimelifikiria kabisa, na linanifanya nirudie kutazama filamu kadhaa kwa sikio jingine.

Mchangiaji wa tatu:

Kwa upande wangu, filamu iliyonifanya nipende mada hizi ilikuwa ya wapinzani. Mwaka 2001 televisheni moja ya Marekani ilirusha kipindi kilichohoji kama kweli binadamu alifika mwezini, na niliamini kwa muda mrefu. Bendera "inayopepea" ndiyo iliyonikamata, hadi niliposoma kwamba ilikuwa imeshonewa fimbo ya mlalo upande wa juu ili isilale, kwa kuwa hakuna hewa ya kuipeperusha. Lakini swali moja lilinibakia: chombo cha Apollo 17 kilipoondoka mwezini, nani alikuwa ameshika kamera inayokifuata kikipaa?

Mleta mada:

Swali lako ni la safu ya kwanza kabisa, na jibu lake ni kisa kizuri ambacho ningependa kukiona kimeelezwa kwa urefu. Kamera ilikuwa imefungwa kwenye kigari kilichoachwa mwezini, na iliongozwa na Ed Fendell, mtumishi wa NASA, akiwa Houston, Marekani. Ishara huchukua zaidi ya sekunde moja kwenda mwezini, na nyingine kama hiyo kurudi. Angesubiri aone moshi na vumbi ndipo ainue kamera, chombo kingekuwa kimekwisha kutoka nje ya picha. Kwa hiyo tarehe 14 Desemba 1972 alituma amri kwa kufuata saa, kabla hajaona chochote, na kamera ikainuka pamoja na chombo. Katika Apollo 15 na 16 jaribio la kukifuata chombo hivyo halikufaulu.

Televisheni ya mwezini ilikuwa na shida tangu mwanzo. Kamera ya Apollo 11 ilituma picha 10 tu kwa sekunde, zenye mistari 320, na ili zirushwe kwenye vituo vya kawaida ilibidi kamera nyingine ielekezwe kwenye kioo kilichokuwa kikizionyesha. Ndiyo maana Neil Armstrong anaonekana kama kivuli. Katika Apollo 12 kamera ilielekezwa kwenye Jua kwa bahati mbaya, ikaungua, na watazamaji wakabaki na sauti peke yake. Mtu anayeghushi tukio kwenye studio hana sababu ya kujiletea hasara ya namna hiyo.

Mchangiaji wa kwanza:

Na ile picha ya rangi ya chungwa ya shimo jeusi, kitu ambacho mvutano wake ni mkubwa hata mwanga hautoki, uliiweka safu ipi?

Mleta mada:

Ya pili, na nilisita sana. Ile ya katikati ya galaksi ya M87, iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, ilitokana na mawimbi ya redio yaliyopokelewa na mtandao wa darubini 8 zilizosambaa duniani mwezi Aprili 2017. Rangi ya chungwa ilichaguliwa, kwani mawimbi ya redio hayana rangi. Data zilikuwa nyingi mno kutumwa kwa intaneti, zikasafirishwa kwa ndege zikiwa ndani ya diski, na zile za Ncha ya Kusini zilisubiri miezi kadhaa hadi majira ya baridi yapite ndipo ndege iweze kuzichukua. Filamu nyingi huonyesha duara lile kwa sekunde chache, kisha huhamia kwenye mchoro unaong'aa zaidi. Mimi ningebaki na zile diski, zikiwa zimejaa kwenye rafu kule kwenye barafu, zikingoja ndege.

Mchangiaji wa pili:

Mnisamehe kwa kuongeza moja lisilohusu filamu bali televisheni yenyewe. Wengi wetu tulikua na televisheni za antena ambazo, stesheni ikipotea, zilijaa chenga. Sehemu ndogo ya chenga hizo, takriban asilimia 1, ilitokana na mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, uleule ambao Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa kwa antena yao na kuutangaza mwaka 1965. Tulikuwa tunainuka kugeuza antena ili kuufukuza.